Mama kila jioni anafunga kapu arudi kwa marehemu baba, mke anayenyonyesha analia tu, binti kanyamaza. Wakuu naanzia wapi?

Kijana wa Korogwe

Wakuu habari za humu. Mnivumilie nitaandika ndefu na bila mpangilio, niko kwenye daladala foleni ya Tabata haisogei na nikifika nyumbani sitapata nafasi ya kushika simu.

Baba yetu alifariki mwaka jana mwishoni. Mama akakaa eda kule Korogwe miezi minne na siku kumi na kipindi chote hicho nyumba imejaa, mashangazi wapo, majirani wapo, wa kumpikia yupo, wa kumsomea yupo. Eda ilipoisha kila mtu akaenda kwake, tukakaa kikao tukakubaliana aje kwangu huku Segerea maana mimi ndo mkubwa, dada yangu kaolewa Singida na mdogo wetu wa mwisho yuko Oman anatafuta maisha. Kule kijijini tulikuwa tunaona anasahausahau tukasema ni majonzi yatapita. Alipofika hapa ndo tukaona kitu chenyewe.

Ikikaribia magharibi anakunja kanga zake moja moja anaweka kwenye kapu, anavaa kandambili, anakaa kwenye kizingiti anasema nipelekeni kwangu baba yenu anarudi shamba hajapikiwa. Mwanzoni nilikuwa namwambia mama, baba alishafariki na tulimzika wewe ukiwepo. Analia, na ni kilio kilekile cha siku ya msiba kabisa. Kesho yake anaanza upya kama hajaambiwa kitu. Yaani mimi namzika baba kila siku jioni, nimechoka.

Sasa hapohapo mke wangu katoka kujifungua mtoto wetu wa tatu, ana miezi miwili na ushee. Mama yake alikuja kumkanda na kumwogesha mtoto, arobaini ilipotoka akarudi kwake Masasi. Tangu aondoke mke wangu siyo yule ninayemjua. Analia huku anaosha vyombo, usiku mtoto akilala yeye amekodoa macho, chakula anagusa tu. Juzi kaniambia huyu mtoto angezaliwa kwa mama mwingine angekuwa na bahati. Nikamhadithia dada yangu akasema anadeka, mbona wao walizaa na wakaenda shamba.

Halafu binti yangu wa kwanza, yuko kidato cha pili na mtihani wa taifa ni mwezi wa kumi na moja. Nyumba yetu vyumba vitatu kwahiyo bibi yake analala naye. Alikuwa muongeaji huyo mpaka unamwambia pumzika, sa hivi akitoka shule ni shikamoo baba, basi imeisha. Wa katikati ana miaka 8 huyo hana shida anacheza mpira tu.

Mimi kazi yangu iko bandarini kampuni binafsi, likizo ya baba kwa mujibu wa sheria ni siku 3 nazo ziliishia wodini. Nikimgusia rafiki ananiambia jikaze wewe ndo mwanaume. Naomba kujua nianze na nani kati ya hawa, na je kuna mtu anayesaidia familia nzima kwa pamoja au kila mmoja na dokta wake? Asanteni.

Mtata wa Tandika

Pole sana mkuu. Ila mimi nitakuwa mkweli, watatu ndani ya nyumba moja kwa wakati mmoja hiyo siyo bure, kuna mkono wa mtu hapo. Mama umemtoa kwenye nyumba ya marehemu na urithi haujagawanywa, umejiuliza nani hakupenda? Kuna sheikh yuko Tanga mjini ukitaka nikupe njia.

Mama Shadya

Mtata jamani kila uzi wewe mkono wa mtu 😂. Dua haina ubaya na ruqya haina ubaya, asomewe mama asomewe na mke. Lakini mzazi hajalala wiki kadhaa na mama mzima wa watu anafunga kapu kila jioni, hivyo vitu hospitali wanavijua na wanaviona kila siku.

Baba watoto pole mno. Nikwambie ninachokiona mimi kwenye maelezo yako. Sisi watu wa pwani na bara wote tunajua sana kusaidiana kwenye tukio. Msiba tutalala kwenye mikeka siku tatu, mzazi ataletewa uji na mtori mpaka aombe poo, harusi ndo usiseme. Mama yako alikuwa na watu wakati wa eda, mke wako alikuwa na mtu wakati wa arobaini. Angalia tarehe hali zao zilipoharibika, wote wawili ni pale watu walipoondoka. Kwenye akili zetu tukio likiisha na shida imeisha, kumbe mwenye shida ndo kwanza anabaki nayo peke yake, tena bila wageni wa kumchangamsha. Na ulezi wa mgonjwa wa kusahau hauna siku ya khitma, hauna kikao wala kadi ya mchango, kwahiyo hakuna anayekumbuka kuuliza.

Ndo maana grupu lenu la WhatsApp la ukoo (najua mnalo) lingekuwa linawaka moto kama ingekuwa mchango wa harusi. Sasa wewe lichokoze. Usiandike "jamani mama anaumwa tumuombee" watakujibu Amiin kumi na tano na mikono ya kuomba, basi. Andika fulani njoo wiki mbili, fulani lipa mtu wa kukaa naye mchana, fulani kila Jumapili baada ya adhuhuri mchukue mama akashinde kwako. Mtu ukimpa kazi yenye jina lake inakuwa ngumu kuikwepa mbele za watu.

Na huyo wifi wa Singida anayesema mwenzie anadeka naomba aje yeye akae na mama yake mwezi mmoja afu tuongee.

Nesi wa Zamu

Nimefanya kazi kliniki ya mama na mtoto muda mrefu, niongezee.

Umeuliza uanze na nani. Anza na mke, na anza wiki hii. Sisemi mama hana haki, ila mama amekuwa hivyo kwa miezi na hatabadilika kesho asubuhi, mzazi anaweza kubadilika usiku mmoja. Kulia siku za mwanzo baada ya kujifungua ni kawaida na kwa wengi inaisha ndani ya wiki mbili. Miezi miwili imepita, halali hata mtoto akiwa kalala, hali chakula, na anasema maneno kama hayo aliyokwambia, hiyo inafanana sana na sonona (depression) baada ya kujifungua na inatibika. Shirika la Afya Duniani wanakadiria kwenye nchi zinazoendelea karibu mama mmoja kati ya watano waliojifungua anapata tatizo la afya ya akili, kubwa likiwa hilo. Kwahiyo sio yeye peke yake, na wala sio kwamba hampendi mtoto.

Atakapoonwa ataulizwa maswali, kuna dodoso la maswali 10 linatumika dunia nzima na limeshatumika kwa Kiswahili, la mwisho kabisa linauliza kama amewahi kuwaza kujidhuru. Wewe usisubiri dodoso, muulize mwenyewe leo mkiwa wawili kwa upole, "umewahi kuwaza kujiumiza au kumuumiza mtoto?" Watu wanaogopa kuuliza wakidhani watamtia wazo. Humtii wazo, unampa nafasi ya kulitua. Akijibu ndiyo, au akaanza kusikia sauti, kuongea vitu visivyoeleweka, kukaa siku mbili tatu bila usingizi kabisa huku ana nguvu za ajabu, usimwache peke yake na mtoto na mwende hospitali saa hiyohiyo hata kama ni usiku wa manane. Hicho ndo watu wanakiita kichaa cha uzazi na ni dharura kama dharura ya kutoka damu.

Kama hayupo huko, hospitali ya rufaa ya mkoa wana kliniki ya afya ya akili, Muhimbili pia wapo. Mwambie dokta ananyonyesha, zipo dawa zinazotumika mama akiwa ananyonyesha na wapo wanaopona kwa mazungumzo bila dawa. Wampime na wingi wa damu na homoni za tezi ya shingo (thyroid), maana damu ikipungua au hiyo tezi ikivurugika mtu anakuwa hoi hivyohivyo. Chanjo ya wiki 14 inakaribia, siku hiyo omba ruhusa kazini mwende wote, wanaume mnaokaa kwenye benchi la kliniki mnaonekana wachache lakini tunawapokea.

Kuhusu mama: usikubali kuambiwa "ni uzee". Uzee haumfanyi mtu asahau kama mumewe amekufa. Inaweza kuwa dimenshia, yaani ugonjwa wa ubongo unaoondoa kumbukumbu, ipo sana, kuna utafiti ulifanyika wilaya ya Hai kule Kilimanjaro kwa wazee wa miaka 70 kwenda juu wakakuta kama 6 katika kila 100 wanayo, na wengi wao familia zilikuwa zinajua tu mzee kazeeka. Lakini kabla hamjakubali hilo wamwangalie vitu vinavyofanana nayo na vinatibika: upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo, maambukizi ya mkojo (wazee UTI inawavuruga akili kabisa hata bila homa), damu kuvilia kichwani kama alianguka, sonona ya kufiwa, na hata dawa anazomeza. Aliwahi kuanguka kipindi cha msiba?

Dada wa Leeds

Habari wote, mimi niko Uingereza nafanya kazi ya kutunza wazee kwenye nyumba ya wazee, wengi ninaowatunza wana dimenshia. Kaka yangu ile ya jioni huku tunaiona kila siku, jua likianza kuzama wanaanza kutafuta makoti wanasema naenda nyumbani mama ananisubiri, na mtu mwenyewe ana miaka 88. Uchovu wa siku nzima na mwanga kupungua vinawachanganya. Washa taa zote mapema kabla giza halijaingia, apate chai na kitu cha kutafuna, na saa hiyo televisheni ya taarifa ya habari zima.

Na hiyo ya kumwambia baba kafariki ACHA. Yeye kila ukimwambia ndo anasikia mara ya kwanza. Najua kwenye dini mtu ataona nadanganya mama, lakini huhitaji kudanganya, wewe muulize tu. "Baba alikuwa anapenda umpikie nini?" Atakwambia kisamvu, bada, sijui nini, na akianza kusimulia kapu linasahaulika. Kama anang'ang'ania kutoka toka naye, mzunguke mtaa mzima mrudi, mara nyingi akiona mlango tena anaingia mwenyewe. Kupambana naye mlangoni ndo unapoteza.

Mpe kazi. Mwanamke aliyelima na kupika maisha yake yote umemkalisha kwenye sofa Segerea hana jembe hana jiko lazima atafute kwake. Mpe ungo achambue mchele, mpe mchicha achambue, akimaliza uchanganye tena kesho achambue, hajali. Ila mkaa na gesi asiachwe navyo peke yake, na dawa za presha zifungiwe. Muwekee kipande cha karatasi chenye namba yako mfukoni au kishonwe kwenye nguo siku akitoka bila kuonekana. Akianza kuongea Kisambaa tupu msishtuke, lugha ya utotoni ndo inabaki mwisho, tafuta Msambaa yeyote hapo mtaani awe anapita kumsalimia.

Jambo lingine. Mimi shifti ikiisha nakabidhi kwa mwenzangu nasaini naondoka, na bado narudi chumbani nalia baadhi ya siku, na hao siyo mama zangu na nalipwa. Nyie hapo mnafanya bure, na mwenye shifti ndefu kuliko wote kwa hesabu zangu ni mke wako, maana wewe uko bandarini. Mchana nani yupo na mama? Yeye. Akiwa na kichanga kwenye ziwa anakimbia mlangoni kumzuia mama mkwe asitoke. Hilo hukuliandika lakini linaonekana.

Binti Msaidizi

Mimi nitaongea kuhusu huyo binti tu kwa sababu nilikuwa yeye. Bibi yangu alilala chumbani kwangu kuanzia nikiwa kidato cha kwanza mpaka alipofariki nikiwa cha tatu. Bibi anaamka saa nane usiku anataka kwenda chooni, au anakuuliza wewe nani, au amejikojolea na hataki useme. Unambadilisha shuka gizani ili usiamshe watu, unageuza godoro, saa kumi na moja unaamka kwenda shule. Mwalimu anasema unasinzia kwa sababu ya simu. Nyumbani wanasema mtoto wetu ana adabu sana hana makelele siku hizi. Nilikuwa nimechoka jamani!!

Na haya huwezi kuyasema kwa sababu bibi unampenda, na ukisema unaonekana unamchukia, na unamuona mama anavyoteseka unasema nisimuongezee. Hakuna aliyeniuliza usiku unalala saa ngapi.

Kwahiyo baba usimkalishe kitako "mwanangu una tatizo gani niambie", atasema sina. Mtoe kwenye kile chumba kwanza. Hata alale sebuleni, hata alale na mdogo wake, bibi alale na mtu mzima. Halafu mtume dukani afu uende naye, mkiwa mnatembea muulize usiku bibi anaamka mara ngapi. Akikuzoea ataongea mwenyewe. Na akitaka kuongea na mtu wa nje kuna namba 116 ya watoto, ni bure, sijui kama angeipiga ila ajue ipo. Mtihani wa kidato cha pili nao sio mchezo, asipofikisha wastani anakariri.

Mwanamvita

Pole nduguyangu, mimi niko Mombasa. Hapa Kenya wababa tumeandikiwa wiki mbili kwa sheria na pia hazitoshi, hizo tatu zenu ni za kununua pampasi na kurudi 😅. Mimi nataka kukuuliza wewe mwenyewe, babako umemlilia lini? Kwa maelezo yako yote umesema mamangu analia, mke analia, wewe ulishughulikia jeneza na kikao na nani akae wapi. Mimi yalinipata hayo baada ya mzee kutangulia, nikawa mkali kwa watoto bila sababu, usiku moyo wanidunda nikadhani ni presha. Kilichonisaidia ni mzee mmoja pale msikitini, baada ya alfajiri tunakaa ukumbini namwambia yote na yeye ananyamaza tu ananisikiza, wala hakuwahi kuniambia nijikaze. Tafuta mtu wa hivyo, hata mmoja.

Mtata wa Tandika

Nimesoma comenti zote, huyo nesi na huyo wa Leeds mko vizuri. Swali la kizushi, hizi nyumba za wazee zetu hapa si zipo, Nunge Kigamboni pale, Kolandoto Shinyanga. Kwanini asipelekwe huko apate wataalamu?

Mama Shadya

Mtata zile ni makazi ya wazee wasiojiweza wasio na ndugu, serikali inawatunza. Huyu ana watoto watatu na mmoja yuko Oman, ustawi wa jamii watakucheka. Ila ustawi wa jamii hao hao kwenye manispaa nenda kwa jambo lingine, ndo watu wanaoweza kukaa na familia nzima mezani pamoja na dada yenu kwenye simu, wewe uliuliza kama wapo wa hivyo. Hawana hela ya kukupa lakini wanajua kuongea na ndugu wagumu.

Kijana wa Korogwe

Wakuu nimerudi, samahani kwa kimya.

Nilimuuliza mke swali la nesi. Nilikuwa naogopa kweli. Akakaa kimya muda mrefu akasema kujiumiza hapana, kumuumiza mtoto hapana, ila amewahi kuwaza apande basi aende Masasi atuache wote na asirudi, akaniambia na saa ya kuondoka basi anaijua. Tumeenda kliniki, dokta kasema ni sonona, damu pia iko chini, kapewa dawa na anarudi wiki ijayo kwa mazungumzo. Mama mkwe nimempigia anakuja Ijumaa na kasema mbona hamkuniambia, alidhani tungemwona anajiingiza kwenye nyumba ya watu.

Dada wa Leeds ulichosema kuhusu mchana ni kweli tupu. Nimeandika kwenye grupu la ukoo kama Mama Shadya alivyosema, kila kazi na jina la mtu. Dada wa Singida alikasirika akatoka kwenye grupu, jioni akarudi, anakuja mwezi ujao kukaa na mama. Mdogo wa Oman kakubali kulipa mtu wa kushinda na mama, tumempata mama mmoja hapa mtaani wa Lushoto, wanaongea Kisambaa kutwa nzima, mimi sisikii hata nusu. Jioni bado kapu linafungwa ila siku mbili hizi alikuwa anachambua mchele akasahau.

Binti nimemhamishia chumba cha mdogo wake, mama analala na huyo mama wa Lushoto siku akibaki, zingine nalala naye mimi. Anaamka mara nne aisee, sikuwa najua. Binti bado hajaongea la maana, ila jana kaniomba hela ya kusuka, nimeifurahia kama ajira.

Mwanamvita swali lako nimeliacha kwanza, nitalirudia.

Nesi Jumatatu nampeleka mama. Ulivyouliza, ndiyo alianguka bafuni siku ya tatu ya msiba, alivimba hapa juu ya sikio tukaweka barafu ikaisha. Niende na nini?

Nesi wa Zamu

Kuanguka huko mwambie dokta ukiingia tu, kabla ya maelezo mengine yote, na utaje kuwa kusahau kulizidi baada ya hapo. Ataamua kama apigwe picha ya kichwa. Na kama kabla ya Jumatatu kichwa kikaanza kumuuma sana, akatapika, akawa mzito kuamka au upande mmoja ukalegea, usisubiri Jumatatu.

Beba kitambulisho chake cha NIDA, kama hana pata barua ya serikali ya mtaa, ana zaidi ya miaka 60 kwahiyo uliza dirisha la wazee usipange foleni ya kawaida. Chukua dawa zote anazotumia zitie kwenye mfuko, na zile za mizizi alizotoka nazo Korogwe pia, usizifiche. Mwende asubuhi na mapema akiwa hajachoka, aende na huyo mama wa Lushoto, maana dokta atamuuliza maswali na akijibu kwa Kisambaa mtahitaji mkalimani. Na wewe ukiwa pale kwenye foleni ya vipimo pima presha yako, usirudi bila kupima.